Kompresa ya Gari Isiposhika, Usikimbilie Gesi

Mchana wa mwezi wa Oktoba hapa Ivuna hauhitaji maelezo. Sisi tuko chini, katika bonde la Ziwa Rukwa. Uso wa ziwa uko kiasi cha meta 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Wenzetu wa Mbozi wako juu zaidi, huko kwenye baridi ya kahawa. Barabara yetu ni ya vumbi. Abiria wakifungua madirisha ya gari, vumbi linaingia. Wakifunga, joto linawachemsha. Mama mjamzito anayepelekwa hospitali, au mtoto mwenye homa, hupata taabu kuliko wote.

Ndiyo maana leo tunazungumza juu ya kiyoyozi cha gari, kile ambacho madereva hukiwasha kwa kitufe chenye herufi A/C. Tunazungumza hasa juu ya ugonjwa mmoja: unabonyeza kitufe, feni inapuliza, lakini upepo ni wa moto. Fundi anafungua boneti na kusema, "Kompresa haishiki."

Wengi wakisikia hivyo hutoa fedha ya gesi. Tunaomba usitoe bado. Soma kwanza.

YALIYOTOKEA HAPA KWETU

Kikundi kimoja cha wauza chumvi, wengi wao akina mama waliomaliza kisomo, kilinunua gari dogo la abiria lililokwisha tumika. Dereva alikuwa kijana wa mmoja wao. Siku moja ubaridi ukakatika. Fundi akasema gesi imeisha. Kikundi kikalipa. Ubaridi ukarudi, lakini baada ya siku tisa ukakatika tena. Wakalipa mara ya pili. Safari hii ubaridi ulidumu siku mbili tu.

Kijana alipokuja kuomba fedha mara ya tatu, mama mhazini alifunga daftari. "Gesi gani hii inayoisha kuliko petroli?" akauliza. Basi minong'ono ikaanza. Watu wakasema kijana anakula fedha za kikundi. Mama yake akaacha kuja mikutanoni.

Sisi tulikwenda pale kwa kazi ya kukagua hesabu. Tukajikuta tumeinama juu ya injini. Tutakueleza mwisho wa habari hii, lakini kwanza tujue kompresa ni kitu gani.

UBARIDI UNATOKA WAPI?

Twende polepole. Unaujua mtungi wa udongo. Maji hupenya kidogo kidogo mpaka nje, mtungi ukatoa jasho. Jasho lile linapokauka huondoka na joto, na maji ya ndani yanabaki baridi. Tunajifunza hivi: kitu cha majimaji kikigeuka kuwa mvuke hunyang'anya joto mahali kilipo.

Unaijua pia pampu ya baiskeli. Ukijaza tairi kwa haraka, pampu inapata moto mkononi. Tunajifunza hivi: hewa ikibanwa hupata joto.

Kiyoyozi hutumia mambo hayo mawili. Ndani ya mabomba yake mna gesi maalumu. Kompresa ni pampu. Inanyonya gesi hiyo na kuibana, nayo inapata moto. Gesi yenye moto hupelekwa mbele ya gari kwenye wavu wa vibomba vyembamba. Wavu huo unaitwa kondensa, nao uko mbele ya rejeta. Hapo upepo huipoza gesi, ikageuka kuwa majimaji. Majimaji hayo hupita kwenye tundu jembamba na kuingia katika kipoozeo kilicho nyuma ya dashibodi. Humo yanageuka tena kuwa mvuke na kunyang'anya joto. Feni inapuliza hewa kupitia hapo, na wewe unapata ubaridi. Mvuke unarudi kwenye kompresa, na safari inaanza upya.

Angalia neno hilo: unarudi. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Haichomwi kama petroli. Inaweza kupungua kidogo kwa miaka mingi, lakini haiwezi kuisha kwa siku tisa bila tundu. Kwa hiyo ukiambiwa gesi imeisha, uliza: "Imetokea tundu lipi?"

KUSHIKA MAANA YAKE NINI?

Kompresa huzungushwa na injini kwa mkanda. Injini ikiwaka, puli ya kompresa inazunguka muda wote. Lakini puli kuzunguka si kompresa kufanya kazi. Mbele ya puli kuna sahani ya chuma. Kiyoyozi kikiwa kimezimwa, puli inazunguka lakini sahani imesimama.

Ukiwasha kiyoyozi, umeme wa betri, volti 12, unaingia kwenye koili ya waya iliyo nyuma ya puli. Koili inakuwa sumaku. Sumaku inaivuta sahani, ta! Sahani inanata kwenye puli na vyote vinazunguka pamoja. Hiyo ndiyo klachi ya kompresa, na hapo ndipo tunasema imeshika.

Sasa, umeme huo hauendi moja kwa moja kwenye koili. Unapitia kwa walinzi. Ni kama mzigo pale mpakani Tunduma. Karatasi moja ikikosa muhuri, lori halivuki kwenda Zambia, hata kama mzigo wenyewe ni mzuri. Walinzi wa kompresa ni hawa:

Fyuzi. Hii hukatika umeme ukizidi, ili waya zisiungue.

Rilei. Hii ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa.

Swichi ya presha. Hii hupima msukumo wa gesi. Presha ikishuka mno, inakata umeme. Ikipanda mno, inakata vilevile.

Kihisi cha ubaridi. Hiki hukata umeme kipoozeo kikikaribia kuganda barafu.

Kompyuta ya gari. Magari mengi ya siku hizi huzima kompresa injini ikichemka, au dereva akikanyaga mafuta sana mlimani. Usishangae basi ubaridi ukikatika kwa muda mnapopanda kutoka bondeni.

Jambo tunalotaka ulishike leo ni hili: kompresa isiposhika, mara nyingi kuna mlinzi aliyeikataza, au kuna njia ya umeme iliyokatika. Tafuta ni ipi. Usinunue gesi kwa kubahatisha.

KAGUA KWA UTARATIBU

Kabla ya kuanza, jihadhari. Injini ikiwa inawaka, usisogeze mkono karibu na mkanda. Kanga, mtandio, mikono mirefu ya shati, vyote vikae mbali. Watoto nao wakae mbali. Kama gari lina nyaya nene za rangi ya chungwa chini ya boneti, usiziguse kabisa. Gari hilo linatumia umeme mkubwa unaoweza kuua. Kazi hiyo ni ya fundi aliyesomea.

Kwanza, tazama dashibodi. Je, feni ya ndani imewashwa? Katika magari mengi, feni ikiwa imezimwa kompresa haishiki. Je, taa ya kitufe cha A/C inawaka? Je, injini imechemka?

Pili, zima injini, tazama mkanda. Je, upo? Umelegea? Umepasuka? Mkanda ukilegea huteleza na kulia.

Tatu, tazama fyuzi. Hapa ndipo kisomo chako kinapofanya kazi. Kwenye mfuniko wa kisanduku cha fyuzi mara nyingi kuna maandishi. Tafuta herufi A/C. Chomoa fyuzi hiyo, itazame kwenye mwanga. Kama kiwaya cha ndani kimekatika, weka nyingine yenye namba ileile. Palipoandikwa 10 usiweke 30, wala usifunge kipande cha waya. Ikikatika tena, kuna waya unaogusana mahali. Muite fundi wa umeme.

Nne, jaribu rilei. Katika magari mengi rilei ya kompresa inafanana na ya honi. Kama namba zilizoandikwa juu yake ni zilezile, zibadilishane. Kompresa ikishika, umekwisha jua mgonjwa ni nani, na rilei si kitu cha bei kubwa.

Tano, tazama kondensa. Je, imezibwa na vumbi, nyasi na wadudu? Je, feni iliyo karibu nayo inazunguka kiyoyozi kikiwaka? Gesi isipopoa, presha inapanda na mlinzi anakata umeme. Osha kwa maji yasiyo na msukumo mkali, maana mapezi yake ni laini na hupinda.

Sita, kagua nyaya na soketi. Zima injini. Fuata waya unaoingia kwenye kompresa. Soketi yake iko chini, mahali panaporukiwa na matope. Ifungue. Je, ndani kuna kutu, au ukungu wa kijani?

Sisi watu wa Ivuna tuiangalie sana hatua hii ya sita. Chumvi yetu ni utajiri wa tangu enzi za mababu. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba hapa walikuta dalili za kazi ya chumvi za karne nyingi zilizopita. Lakini chumvi na waya wa shaba haviivi chungu kimoja. Gari likipita kwenye tope la chumvi, au likibeba magunia yanayovuja maji ya chumvi, soketi huliwa haraka. Lioshe kwa maji matamu, upande wa chini pia.

MTIHANI WA TAA

Kama hatua hizo sita hazikutoa jibu, fundi aweke taa ya kupimia, au mita, kwenye soketi ya kompresa. Injini iwe inawaka na kiyoyozi kiwe kimewashwa. Majibu ni mawili tu.

Taa ikiwaka, umeme umefika. Basi tatizo liko kwenye klachi yenyewe. Huenda koili imekufa. Koili nzima mara nyingi huonyesha kati ya omu 3 na 5 kwenye mita. Huenda njia ya kurudisha umeme kwenye bodi ya gari, ile mafundi wanayoiita ethi, imeingia kutu. Au huenda sahani imelika na nafasi kati yake na puli imekuwa kubwa mno. Nafasi hiyo hutakiwa iwe ndogo, kiasi cha nusu milimita hivi. Ikizidi, sumaku inashindwa kuvuta, hasa injini ikiwa ya moto. Kasoro hizi mara nyingi hutengenezwa bila kununua kompresa nyingine.

Taa isipowaka, umeme haujafika. Rudi nyuma kwa walinzi, mmoja mmoja. Hapo ndipo presha ya gesi ipimwe kwa geji.

Kama geji inaonyesha gesi ni kidogo kweli, tundu litafutwe kwanza. Mahali panapovuja huwa na mafuta yaliyoshika vumbi. Povu la sabuni hutoa mapovu hapo. Tundu likizibwa, fundi avute hewa na unyevu wote kwa pampu maalumu. Ndipo ajaze gesi.

GESI HUPIMWA KWA MIZANI

Chini ya boneti kuna karatasi ndogo iliyobandikwa. Katika magari mengi yanayotoka Japani karatasi hiyo ina maandishi ya kwao. Usiogope. Tafuta alama hizi: 134a, halafu namba yenye herufi g mbele yake, kwa mfano 500g. Hiyo ni aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Magari mapya zaidi yanaweza kuandikwa 1234yf. Hiyo ni gesi nyingine, na gesi hizo mbili hazichanganywi.

Muuza chumvi hauzi bila mizani. Kwa nini basi anunue gesi bila mizani? Fundi anayesema "najaza mpaka iwe baridi" anakisia. Gesi ikipungua, ubaridi unapungua. Ikizidi, presha inapanda mno na swichi inakata umeme.

MAMBO MATATU YA HATARI

La kwanza ni kuunganisha waya moja kwa moja ili kuipita swichi ya presha. Hapo umemfunga mlinzi kamba. Mafuta yanayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Kompresa ikilazimishwa kuzunguka bila gesi inakosa mafuta na kukwama. Mkanda unaweza kukatika. Katika magari mengi mkanda huohuo huzungusha jenereta ya kuchaji betri, na mengine hata pampu ya maji ya injini. Utabaki porini na mgonjwa garini.

La pili ni kujaza gesi ya kupikia. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu ni rahisi. Gesi hiyo inashika moto. Ikivuja ndani ya gari lililofungwa, cheche moja inatosha kuleta msiba.

La tatu ni kufungua bomba ovyo. Gesi ya 134a ikitoka nje huchemka katika baridi ya nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikigusa jicho au ngozi, inaunguza kama moto. Tena inaharibu hewa ya dunia. Gesi ya zamani, R12, ilitoboa tabaka la juu la hewa linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana huko Montreal mwaka 1987 kuziacha gesi za namna hiyo, na Tanzania ikajiunga na mapatano hayo mwaka 1993. Hii ya 134a haitoboi tabaka hilo, lakini kilo yake moja huongeza joto la dunia kuliko kilo 1,000 za hewa ya ukaa. Mwaka 2016 mataifa yalikutana kwa jirani zetu, Kigali, yakakubaliana kuzipunguza hizi nazo. Fundi mwema huivuta gesi ndani ya mtungi. Haiachii ipeperuke.

MWISHO WA HABARI YA KIKUNDI

Gari la wale akina mama lilipelekwa Tunduma kwa fundi mwingine. Mama mhazini alikwenda mwenyewe, daftari mkononi. Fundi hakutaja gesi. Aliuliza, "Mama, mara zile mbili, gesi ilipimwa?" Hakuna aliyejua.

Akaweka taa kwenye soketi ya kompresa. Haikuwaka. Akautikisa waya. Taa ikawaka kidogo, ikazimika. Akafungua soketi. Loo! Ndani palikuwa kijani tupu. Chumvi ilikuwa imekula shaba.

Kisha akaivuta gesi ndani ya mtungi na kuipima. Karatasi chini ya boneti ilisema gramu 500. Mizani ikasoma 760. Kumbe gesi haikupungua hata siku moja! Yule fundi wa kwanza alipokuwa akijaza, aliusogeza waya bila kujua, soketi ikagusana, kompresa ikashika. Kila mtu akadhani ni gesi. Mara ya pili gesi ikazidi mno, na swichi ya presha nayo ikaanza kukata umeme.

Soketi ilibadilishwa. Gesi ikarudishwa gramu 500 kamili. Kompresa ikashika, ta!

Katika mkutano uliofuata mhazini alisoma hesabu yote mbele ya wanachama. Akasema, "Kijana hakula fedha. Sisi ndio tulilipa bila kuuliza." Mama yake kijana alikuwa amekaa safu ya nyuma. Aliombwa aje akae mbele.

Sasa kikundi kina kanuni. Hakuna fedha ya matengenezo inayotoka mpaka daftari liandikwe mambo matatu: nini kimepimwa, kimeonekana nini, na nini kimebadilishwa. Kifaa kilichotolewa kinarudi nyumbani na dereva. Kama ni gesi, zinaandikwa gramu.

Ndugu msomaji, huenda huna gari. Lakini utapanda gari, utakuwa mwanachama wa kikundi, au mwanao atakuwa dereva. Mwenye kusoma na kuhesabu ana haki ya kuuliza. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Fundi anayejua kazi yake hachukii swali.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Puli ya kompresa inazunguka, lakini sahani ya mbele imesimama. Je, kompresa inafanya kazi?

2. Kwa nini gesi ya kiyoyozi haiishi kama petroli?

3. Karatasi imeandikwa 450g. Fundi ametia gramu 600. Zimezidi gramu ngapi? Nini kinaweza kutokea?

4. Kwa nini ni hatari kuipita swichi ya presha?

5. Kazi ya kufanya: mwombeni mwenye gari mmoja hapa kijijini awafungulie boneti, injini ikiwa imezimwa. Tafuteni karatasi ya gesi na mfuniko wa fyuzi. Kila mmoja aandike katika daftari lake herufi na namba alizoziona.